Waliokufa kabla ya Injili wako wapi? Majibu ya makanisa kwenye mizani moja

Radbod alikuwa mfalme wa Wafrisia, watu wa pwani ya Uholanzi ya leo, na alifariki mwaka 719. Masimulizi ya kale yanasema siku moja alikubali kubatizwa. Alishatia mguu mmoja kwenye maji ya ubatizo alipogeuka na kumuuliza askofu: wafalme na wakuu wa Wafrisia walionitangulia, wengi wao wako wapi, huko mbinguni unakoniahidi au jehanamu? Askofu hakumung'unya maneno. Walikufa bila ubatizo, kwa hiyo wamepotea. Radbod akautoa mguu majini, akasema hawezi kuwaacha wazee wake akakae mbinguni na kikundi cha maskini.

Wanahistoria wanakitilia shaka kisa hicho, maana kiliandikwa miaka mingi baada ya mfalme kufa. Kisa cha Japani kina ushahidi wa mkono wa mhusika. Tarehe 29 Januari 1552 Fransisko Ksaveri, mmisionari Mjesuiti, aliandika barua akieleza jinsi Wakristo wapya wa Japani walivyolia walipoambiwa kwamba wazazi na mababu zao waliokufa hawawezi kusaidiwa tena, si kwa sala wala kwa sadaka. Nao walikuwa wamemhoji kabla ya hapo: kama Mungu huyu ni mwema, mbona hakujifunua kwetu mapema? Jibu lake kwa swali hilo lilikuwa zuri kuliko faraja yake. Aliwaambia kwamba hata kabla dini zilizotoka China hazijafika, Wajapani walishajua kuua na kuiba ni vibaya, na aliyewafundisha hayo ni Mungu mwenyewe.

Huku kwetu swali hili linaulizwa kwenye mafundisho ya kipaimara, msibani, na kwenye kikao cha ukoo pale mzee mmoja anapokataa kubatizwa kwa sababu ile ile ya Radbod. Wengi hujibiwa kwa mkato: "Mungu anajua." Ni kweli anajua. Lakini makanisa yenyewe hayakuishia hapo, na majibu yake yanatofautiana sana. Nimeyaweka pamoja hapa ili anayetakiwa kujibu, awe katekista, mwinjilisti au mzazi, ajue anachukua lipi na linamgharimu nini. Niseme mapema: nimelelewa Mkatoliki, na mizani yangu huenda inaegemea huko.

Watu wa kupimia

Jibu lolote linaonekana zuri likibaki hewani. Tulipime kwa watu.

Wa kwanza ni Ibrahimu. Huyu Biblia yenyewe imemmaliza. Kila kanisa linakubali ameokoka, ubishi uliopo ni wa njia tu. Wa pili ni Socrates, mwanafalsafa wa Kigiriki aliyehukumiwa kunywa sumu mjini Athene mwaka 399 KK. Alikuwa na jina, wanafunzi na maandishi juu yake, lakini hakuwa na agano wala nabii. Wa tatu hana jina. Ni mhunzi wa Buhaya, magharibi mwa Ziwa Viktoria, ambako wanaakiolojia wamefukua mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma zenye umri wa takriban miaka 2,000. Alijua udongo, makaa na miiko ya kazi yake. Jina la Musa hakulisikia, la Yesu ndio kabisa.

Na yupo wa nne, ambaye watu humsahau: kitukuu wa mbali wa mhunzi huyo, aliyefariki, tuseme, mwaka 1700. Wamisionari wa Afrika, tuliozoea kuwaita Mapadri Weupe, walifungua misheni ya Kashozi karibu na Bukoba mwaka 1892. Kitukuu huyu alikufa Ukristo ukiwa na zaidi ya miaka 1,600 duniani, lakini kwake ulikuwa haujaanza. Kwa kalenda ya Roma yeye ni wa baada ya Kristo, ila kwa kalenda ya kijiji chake ni wa kabla.

Huyu wa nne ndiye anayeyachuja majibu. Watu hupenda kuuliza kanisa lipi ni kali na lipi ni laini. Mimi nadhani swali lenye faida zaidi ni hili: kila jibu linaufungua mlango lini? Liko jibu linaloufungua siku moja tu ya historia, liko linaloufungua katika maisha ya kila mtu, na liko linalousogeza hadi siku ya ufufuo. Jibu la siku moja linaweza kumwokoa babu wa zamani kabisa na kumwacha nje mjukuu wake.

Wakatoliki: funguo mbili kwenye mlango mmoja

Kanuni ya Imani ya Mitume inakiri kwamba Kristo alishukia kuzimu. Walutheri na Waanglikana nao wanaikiri, lakini Wakatoliki wameieleza kwa kirefu. Katekisimu ya mwaka 1992, namba 633, inafundisha kwamba wafu wote kabla ya Mkombozi, wema na wabaya, walikuwa kuzimu, ila hali zao hazikuwa sawa. Mfano ni Lazaro maskini kifuani pa Ibrahimu katika Luka 16. Yesu hakushuka kuwatoa waliolaaniwa wala kuibomoa jehanamu. Alishuka kuwaweka huru wenye haki waliomtangulia. Wasomi wa Zama za Kati waliyaita makao hayo ya kungojea limbo ya mababa. (Isichanganywe na limbo ya watoto wachanga, ambayo haikuwahi kuwa fundisho rasmi la lazima, na ambayo tume ya wanateolojia ya Vatikano iliifikiria upya mwaka 2007 ikaegemea kwenye tumaini.)

Ufunguo huu wa kwanza uligeuzwa Jumamosi Kuu, siku ya kabla ya Pasaka, ukawatoa kina Ibrahimu. Je, Socrates alikuwemo? Yustino Mfiadini, katikati ya karne ya 2, alikutana na pingamizi hilo hilo: kama Kristo alizaliwa miaka 150 tu iliyopita, basi wote wa kabla yake hawana la kujibu. Akasema hapana, Neno wa Mungu alikuwa akifanya kazi tangu mwanzo, na walioishi kwa kulifuata ni Wakristo hata kama watu waliwaona hawana Mungu. Akamtaja Socrates kwa jina, pamoja na Heraclitus, mwanafalsafa mwingine wa Kigiriki. Karne ya 13 Tomaso wa Akwino alikuwa mwangalifu zaidi: Mmataifa ambaye hakupata ufunuo, lakini akaamini kwamba Mungu huwaokoa wanadamu kwa njia anazozijua mwenyewe, alikuwa na imani katika Kristo iliyofichwa ndani ya imani hiyo. Socrates anapenya. Mhunzi wa Buhaya naye, kama alimtegemea Muumba, hakuna sheria ya kumzuia.

Kitukuu wa 1700 anahitaji ufunguo wa pili, na huu ulichelewa. Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Firenze mwaka 1442 ulitangaza kwa maneno makali sana kwamba wapagani watakwenda motoni wasipojiunga na Kanisa kabla ya kufa. Waliokuwa wakiandika hayo walidhani Injili imeshaenea karibu dunia nzima. Asiyeamini, kwao, alikuwa amekataa. Miaka 50 baadaye Columbus akafika Amerika, na dhana hiyo ikaanza kuvuja. Mwaka 1949 Roma iliandika barua kuhusu Padre Leonard Feeney wa Boston aliyeshikilia tafsiri ile kali, na mwaka 1953 akatengwa na Kanisa. Kisha Mtaguso wa Pili wa Vatikano, tarehe 21 Novemba 1964, ukaandika wazi katika hati yake juu ya Kanisa, namba 16: wasioijua Injili bila kosa lao, lakini wanamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kujitahidi kwa neema yake kutenda wanachokijua kwa dhamiri, wanaweza kupata wokovu wa milele.

Wakatoliki wenzangu huwa wanasema hakuna kilichobadilika. Ukisoma hati ya 1442 na ya 1964 mfululizo, utatabasamu. Kilichobaki vile vile ni kwamba wokovu unatoka kwa Kristo peke yake; kilichosogea, na si kidogo, ni jinsi unavyomfikia mtu. Ila zingatia sharti. Mtaguso haukusema ujinga unaokoa. Mhunzi aliyekuwa mwizi na mwuaji hapati msamaha kwa sababu tu padre alichelewa meli.

Waorthodoksi: picha badala ya kanuni

Ukitaka kuielewa Orthodoksi kwenye jambo hili, angalia picha ya Ufufuko. Iliyo maarufu zaidi imechorwa ukutani katika kanisa la Chora, mjini Istanbul, mwanzoni mwa karne ya 14. Kristo amevaa nyeupe, amesimama miguu kachanua juu ya milango ya kuzimu iliyovunjika. Chini yake giza limejaa kufuli, funguo na misumari iliyotawanyika, na katikati yake amelala Shetani amefungwa kamba. Mkono mmoja unamvuta Adamu kutoka kaburini, mwingine Hawa, na anawashika kwenye kifundo cha mkono, si kiganja, kama mtu anayemwokoa asiye na nguvu ya kujishikilia. Pembeni wapo wafalme Daudi na Sulemani na Yohane Mbatizaji. Upande wa pili yupo Abeli na fimbo yake ya kuchungia. Abeli, binadamu wa kwanza kufa. Hakuwa Myahudi, hakutahiriwa, hakubatizwa.

Hapa mlango umefunguliwa siku ile ile ya Jumamosi, lakini umevunjwa, haukufungwa tena. Mababa wa Mashariki walitofautiana kuhusu nani alitoka. Klementi wa Aleksandria alifundisha kwamba hata Wayunani waliokufa walihubiriwa huko kuzimu. Nyimbo za Pasaka zinaimba kana kwamba kaburi limebaki tupu. Hakuna mtaguso uliotoa orodha, na Waorthodoksi hawaoni haja ya kuwa nayo. Kwenye sala za kupiga magoti za jioni ya Pentekoste wanaomba waziwazi kwa ajili ya waliofungwa kuzimu, mwaka hadi mwaka, kwa hiyo kitukuu wa 1700 hayuko nje ya sala yao. Waorthodoksi wa Kenya na Uganda, walio chini ya Upatriaki wa Aleksandria, wamerithi mapokeo hayo moja kwa moja.

Udhaifu wake? Ukimwuliza padre wa Kiorthodoksi swali la ndiyo au hapana utarudishiwa wimbo. Mwingine atashiba, mwingine ataondoka na njaa yake.

Waprotestanti: ahadi, na wasioifikia ahadi

Augustino, askofu wa Hippo huko Afrika Kaskazini, aliulizwa swali letu karibu mwaka 409, likiwa limetolewa kwenye hoja za Porphyry, mwanafalsafa aliyeupinga Ukristo: Kristo akisema ndiye njia, karne zote za kabla yake zilifanyaje? Akajibu kwamba tangu mwanzo wa binadamu waliomwamini na kumjua kwa namna yoyote, wakaishi kwa uchaji, waliokolewa naye, wawe wa wakati gani au wa mahali gani. Kwake tofauti ya Agano la Kale na Jipya ni ya ishara: wale waliamini atakayekuja, sisi aliyekuja. Yohana 8:56 inamwunga mkono: "Ibrahimu, baba yenu, alishangilia kwa vile atakavyoiona siku yangu, naye akaiona, akafurahi."

Wanamageuzi wa karne ya 16, walioanzisha Uprotestanti, waliuchukua msingi huu. Calvin aliondoa kabisa safari ya kuzimu kama mahali: kushukia kuzimu, alisema, ni mateso ya nafsi ya Kristo msalabani. Haikuhitajika Jumamosi ya kuwatoa watu, maana walishaokolewa kwa imani katika ahadi. Ungamo la Westminster la mwaka 1646, ambalo makanisa ya Kipresbiteri kama PCEA ya Kenya yanatoka kwenye mapokeo yake, linasema matunda ya ukombozi yaliwafikia wateule wa nyakati zote tangu mwanzo wa dunia. Sura ya 10 inaendelea kwa ukali: wasioukiri Ukristo hawawezi kuokolewa, hata wajibidiishe vipi kuishi kwa nuru ya asili. Ibrahimu ndani. Socrates nje. Mhunzi na kitukuu wake nje, isipokuwa Mungu awe na wateule wake anaowafikia kwa njia ambayo hatukuambiwa. Waanglikana katika Ibara ya 18 ya zile Ibara 39 za imani yao wanamlaani anayesema kila mtu ataokoka kwa dini aliyoifuata, mradi awe na bidii nayo. Ibara hiyo haisemi lolote juu ya ambaye Kristo alimwokoa bila yeye kujua, na mwanya huo Waanglikana wengi wameutumia.

Usidhani Waprotestanti walikuwa kauli moja. Mwaka 1531 Zwingli, mwanamageuzi wa Zürich, alimwandikia mfalme wa Ufaransa maelezo ya imani yake, akamwahidi kwamba mbinguni atakutana na Adamu, Abeli, Henoko, na pia wapagani wa kale wa Ugiriki na Roma: Hercules, Theseus, Socrates, Numa, na akina Cato. Luther alipokuja kusoma orodha hiyo alifura, akaandika mwaka 1544 kwamba mtu wa hivyo amekuwa mpagani. Kusema kweli Hercules alikuwa amezidi; kumweka mbinguni mtu wa hadithi ni kuiharibu hoja nzuri kwa haraka. Walutheri wenyewe waliamua mwaka 1577, katika Fomula ya Makubaliano, kwamba Kristo alishuka kweli, Mungu na mtu, akamshinda Shetani na kuibomoa ngome yake. Namna alivyofanya wasiichimbe. Hakuna nafasi ya pili iliyotolewa kule.

Nguvu ya jibu hili ni kwamba halikufichi bei. Linaheshimu Matendo 4:12, kwamba hakuna wokovu katika mwingine ila Kristo, halibuni mlango usioandikwa. Anayelichagua lazima awe tayari kumtazama yule mzee wa ukoo usoni. Wapo wachungaji wengi wanaolikiri kwenye karatasi na kulikwepa makaburini, na hapo ndipo ninapowalaumu, si kwenye fundisho lenyewe.

Mstari mmoja, vita vinne

Kabla ya kwenda mbele, simama kwenye 1 Petro 3:19-20, maana karibu kila jibu limejengwa juu yake. Petro anasema Kristo aliwaendea "roho waliokaa kifungoni, akawahubiri, watu wasiotii hapo zamani, uvumilivu wa Mungu ulipokuwa ukingoja, siku za Nuhu."

Umeona tatizo? Hao si wenye haki. Ni wale wakaidi walioachwa na safina. Mkatoliki anayesema Kristo aliwaendea wema tu anautumia mstari unaozungumzia wabaya. Augustino aliliona hilo, akasuluhisha kwa kusema Kristo alihubiri kwa roho yake kupitia kinywa cha Nuhu, wakati ule ule wa Nuhu, wala si baada ya kufa. Walutheri wengi wanasema ilikuwa mbiu ya ushindi, jinsi mshindi anavyotangaza mbele ya walioshindwa. Wengine wanasema roho hao ni malaika walioanguka. Halafu sura inayofuata, 4:6, inasema "hata hao waliokufa walihubiriwa Injili," na mjadala unaanza upya. Mtu akikuambia mstari huu uko wazi, hajausoma wote.

Wasabato na Mashahidi: hakuna aliye popote

Wasabato wanalivunja swali lenyewe. Hamna roho zinazongoja mahali. Mhubiri 9:5 inasema "wafu hawajui neno lo lote." Ibrahimu, Socrates na mhunzi wamelala, na wataamshwa kwa sauti ya Kristo. Hukumu itapima kila mtu kwa nuru aliyokuwa nayo. Ellen White mwenyewe, mmoja wa waasisi wao, aliandika mwaka 1898 kwamba miongoni mwa wapagani wapo wanaomwabudu Mungu bila kumjua, ambao hawakuwahi kuletewa nuru na mtu, na hawataangamia. Kwa matokeo, jibu lake halitofautiani sana na la Vatikano la 1964, ingawa hakuna upande utakaokubali nikisema hivyo.

Mashahidi wa Yehova nao wanasema wafu hawajui kitu, lakini wanakwenda mbali zaidi kwa mhunzi wetu. Wanaitegemea Matendo 24:15, kwamba kutakuwa na ufufuo wa "wenye haki na wasio haki pia." Wasio haki, kwao, ni pamoja na mamilioni waliokufa bila kumjua Yehova. Watafufuliwa hapa hapa duniani, watafundishwa katika miaka 1,000 ya utawala wa Kristo, na watahukumiwa kwa watakayoyatenda baada ya kufufuka. Kati ya majibu yote, hili linampa asiyesikia nafasi kamili ya kusikia. Kasoro yake ni kwamba linabeba juu yake mfumo mzima wa mafundisho ambayo Wakristo wengine wanayakataa, kuanzia nafsi ya Kristo. Huwezi kuchuma tawi hili ukaacha mti. Na kuhusu watu wa Sodoma, kama watafufuliwa au la, wenyewe wamebadili jibu zaidi ya mara moja.

Watakatifu wa Siku za Mwisho: ubatizo kwa niaba

Hawa ndio wanaoitwa Wamormoni. Mwaka 1840, huko Nauvoo, Illinois, nchini Marekani, mwanzilishi wao Joseph Smith alianza kufundisha kwamba walio hai wanaweza kubatizwa kwa niaba ya wafu, akitumia 1 Wakorintho 15:29: "Wenye kubatizwa kwa ajili ya wafu watafanyaje?" Mwanzoni walibatizana mtoni Mississippi, sasa ni ndani ya mahekalu tu, kwenye birika lililobebwa na sanamu za ng'ombe kumi na wawili. Mwaka 1918 Joseph F. Smith, rais wa kanisa hilo wakati huo, alisimulia maono ya Kristo akiwatuma wajumbe kuwahubiria wafu. Marehemu anabaki huru kuukubali au kuukataa ubatizo aliofanyiwa. Hekalu lipo Kinshasa tangu 2019, na Nairobi tangu 2025, kwa hiyo si habari za mbali tena.

Mantiki yake ni safi: ubatizo ni lazima, basi kila mtu apewe, hata aliyekufa. Ila kazi hii inahitaji majina. Ukoo wa Kiafrika wenye wazee wa kumbukumbu nzuri utarudi vizazi kumi, kumi na tano, kisha unaingia kwenye ngano. Kitukuu wa 1700 huenda akapatikana. Mhunzi hana jina kwenye orodha yoyote, na wanafundisha kwamba wa aina yake watashughulikiwa katika milenia, ile miaka 1,000 ya utawala wa Kristo. Yaani mwishoni nao wanamwachia Mungu.

Tumaini la Orijeni, mwanateolojia wa Aleksandria, kwa haraka: karne ya 3 alifundisha kwamba mwisho kila kiumbe kitarudishwa kwa Mungu, na Gregori wa Nisa, anayeheshimiwa kama mtakatifu, alikuwa karibu naye. Mafundisho yaliyohusishwa na jina la Orijeni yalilaaniwa karne ya 6. Kama unalichagua, jua unachagua kitu ambacho mitaguso ilikipiga marufuku, hata kama kutumaini wote waokoke hakujawahi kukatazwa.

Msomaji Mwislamu atakuwa ameshalitambua swali hili. Kwao wanazuoni huzungumzia watu wa fatra, walioishi kati ya mtume na mtume bila kufikiwa na ujumbe, na aya ya 15 ya Sura ya 17 ndiyo nguzo: Mwenyezi Mungu haadhibu mpaka atume mtume. Katika Sura Taha, Firauni mwenyewe anamwuliza Musa kuhusu vizazi vilivyotangulia. Musa anamjibu kwamba elimu yao iko kwa Mola wake. Nao wanazuoni wamegawanyika: wengine wanasema watu hao wamesamehewa, wengine kwamba akili peke yake ilitosha kumjua Muumba, wengine kwamba watajaribiwa siku ya Kiyama.

Unachagua vipi

Kama uzito wako uko kwenye kutosema zaidi ya kilichoandikwa, Westminster na Walutheri wamejizuia kuliko wote, na unaweza kuongeza swali la Ibrahimu kwenye Mwanzo 18:25: "Mhukumu ulimwengu wote asitende haki?" Kama unataka maneno yanayomfikia kitukuu wa 1700 bila kubomoa ulazima wa Kristo, namba 16 ya Vatikano inafanya kazi hiyo vizuri kuliko hati nyingine niliyoisoma. Kama unachohitaji ni kitu cha kumwonyesha bibi asiyesoma, mpe picha ya Waorthodoksi, na usimwekee maelezo mengi. Mimi binafsi nashika hivyo viwili vya mwisho pamoja: picha kwa waliokufa kabla ya Jumamosi ile, dhamiri kwa waliokufa baada yake bila kufikiwa. Wasabato nimewaonea wivu kwenye jambo moja tu, kwamba hawalazimiki kusema mtu yuko wapi usiku wa leo.

Litakujia pingamizi: kama waliweza kuokoka bila kusikia, wamisionari walikuja kufanya nini? Linasikika kali kuliko lilivyo. Lingekuwa na nguvu kama kanisa lolote lingefundisha kwamba kutosikia kunaokoa, na hakuna. Kwenye Mathayo 11 Yesu anasema Tiro na Sidoni zitastahimili hukumu kuliko miji iliyoona miujiza yake. Hasemi zimepita salama. Tena kuwapelekea watu habari njema hakuhitaji sababu ya kwamba bila hiyo wangeungua wote. Mganga hatibu kwa sababu tu mgonjwa angekufa usiku huo huo.

Swali la sala nalo lina majibu tofauti, na hili ndilo litakalobadilisha unachofanya Jumapili. Mkatoliki anaweza kuandikisha nia ya misa kwa marehemu wote wa ukoo, waliobatizwa na wasiobatizwa. Kanuni ya 901 ya Sheria za Kanisa inamruhusu padre kuitolea misa kwa yeyote, hai au marehemu. Mworthodoksi ana Pentekoste yake. Mlutheri na Mpresbiteri kwa kawaida hawaombei wafu, na usiwalazimishe. Wasabato na Mashahidi vile vile.

Na ukiwa mwalimu wa kipaimara, ushauri wangu ni usianze na mababu. Anza na Ayubu. Alikuwa mtu wa nchi ya Usi, hakuwa Mwisraeli, Biblia haimwonyeshi akitahiriwa wala akishika torati, na bado Mungu mwenyewe anamshuhudia kwamba hapana mmoja aliye kama yeye duniani. Augustino alimtumia Ayubu kwa hoja hiyo hiyo. Wasomee sura ya kwanza yote, uwaache wajadili aliokokaje. Wakimaliza na Ayubu, mkono wa kwanza utakaoinuka utauliza kuhusu babu yake mwenyewe, na darasa zima litakuwa na kitu cha kusema.